Machicha ya Njia Panda

Kitambaa kile Chunxiu alikijua hata kabla hajainama kukiokota. Kilikuwa kifuko kidogo cheupe, kimefungwa mdomo kwa uzi na kupasuka ubavuni, na mbegu ndogo nyeusi zilikuwa zimemwagika kutoka ndani yake, zimeloa na kuteleza kama mate ya konokono. Pindo la kifuko lilishonwa kwa uzi wa buluu, mishono ikilalia upande wa kushoto. Mtaa mzima hapakuwa na mtu anayeshona hivyo isipokuwa yeye. Mkono wake wa kulia uliungua na mvuke wa tambi siku nyingi zilizopita, tangu hapo anashona kwa kushoto, na vitambaa vyote vya kukamulia maji ya mchele nyumbani kwake vina pindo la namna hiyo.

Alisimama pale njia panda, ufagio mkono mmoja, kizoleo mkono wa pili, na hakujua aanze na lipi.

Machicha ya dawa hayakuwa mageni kwake. Tangu majira ya joto yaanze, kila alfajiri alipofika na jiko lake kupanga meza za tambi, aliyakuta yamemwagwa pale barabara tatu zinapokutana: magome, majani yaliyochemka mpaka yakawa kama kamba, vipande vya mizizi. Mgonjwa akimaliza dawa yake, machicha humwagwa njiani ili wapita njia wayakanyage, kila soli ichukue kidogo, na ugonjwa uondoke mjini vipande vipande. Wapo wanaoruka wasikanyage, na wapo wanaokanyaga kwa makusudi kwa kumhurumia mtu wasiyemjua. Lakini hayupo mwenye akili timamu anayeyabeba kuyarudisha ndani ya nyumba.

Chunxiu aliyabeba. Hakuyaingiza ndani hasa, aliyapitisha uani. Wateja hawakupenda kula tambi huku wakitazama uchafu wa mgonjwa, kwa hiyo aliyazoa kabla hapajapambazuka, akayapeleka nyuma ya nyumba na kuyafukia kwenye tuta lake la vitunguu majani. Vitunguu vikanawiri, vikawa vya kijani kibichi mpaka majirani wakawa wanauliza anatia nini. Hakuwahi kujisumbua kufikiri ugonjwa ni wa nani. Aliudhika tu kwamba mtu huyo alichagua kumwaga mbele ya meza zake.

Sasa kifuko kilikuwa kiganjani mwake, nacho kilikuwa kinasema kwamba mgonjwa analala nyumbani kwake.

"Shemeji! Umesimama kama mtu aliyeokota noti akaogopa kuitia mfukoni."

Alikuwa fundi baiskeli aitwaye Tu, anafungua kibanda chake upande wa pili wa barabara. Chunxiu alikisukuma kifuko ndani ya mfuko wa aproni.

"Hakuna noti. Ni takataka."

"Takataka gani? Ni dawa ile tena?" Tu alisogea, akayatazama machicha kwa mbali. "Mtu huyu anaumwa kweli. Kila siku! Mimi mwenyewe na figo zangu hizi sijafika huko."

"Figo? Umejuaje kama ni ya figo?"

"Ah, mama Yanping, mji huu nani asiyejua? Yale magome yanayotoa nyuzi ukiyavunja, ile ngozi ya firigisi ya kuku. Hiyo ni dawa ya mawe ya figo. Mumeo akiyaona atasema ni yangu." Akacheka bila furaha. "Jana kaniambia mbele ya watu wote: Tu, bomba lako linavuja, nenda kafungwe mpira kama tairi."

"Usimsikilize."

"Nisimsikilize vipi na sauti ile?"

Chunxiu aliyazoa machicha kama kawaida, kwa sababu mikono ilishazoea. Alifika nayo hadi kwenye tuta ndipo akakumbuka. Akabaki ameshikilia kizoleo hewani. Arudi akayamwage njiani? Watu walishaanza kupita. Ayaache hapa? Basi ni kuurudisha ugonjwa kupitia mlango wa nyuma, kama alivyofanya majira yote ya joto. Mwishowe aliyafunika kwa beseni lililotoboka, akarudi kwenye jiko, na asubuhi ile wateja wawili walimwambia supu haina chumvi na mmoja akasema ina chumvi mno.

*

Nyumbani walikuwa watu watatu tu. Alikuwapo yeye mwenyewe, naye hakuwa anaumwa. Alikuwapo mumewe, Xiong Fagen, mchukuzi wa magunia katika ghala la dawa karibu na mto, mwanamume wa maneno mengi na hamu kubwa ya chakula. Na alikuwapo binti yao, Yanping, aliyerudi kutoka kiwandani Guangdong kujiandaa kwa harusi yake.

Fagen hakuweza kuwa yeye. Usiku uliopita alikula mabakuli mawili, akalamba na pilipili iliyobaki. Alijishika kiuno, ndiyo, lakini mchukuzi gani hajishiki kiuno?

Basi ni Yanping. Na kila Chunxiu alivyowaza, ndivyo mambo yalivyojipanga yenyewe. Mtoto huyu tangu arudi alikuwa anakwenda choo cha mtaa kila mara, anakaa huko mpaka anarudi miguu imekufa ganzi. Asubuhi uso wake ulikuwa umevimba kwenye kope. Na zaidi ya yote, alikuwa ameacha kula vitunguu majani, yeye ambaye utotoni alivila vibichi. Akiwekewa tambi, anavitoa kimoja kimoja kwa vijiti na kuviweka pembeni.

Baba yake Chunxiu alikufa hivyo. Alianza na kope, ikafuata miguu. Chunxiu alikuwa ndiyo kwanza ameolewa wakati ule, na aliporudi kumtembelea, mama yake alimfundisha kubonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi. Ukiachia na shimo likabaki, maji yamejaa. Mwezi wa mwisho shimo la baba lilibaki mpaka mtu amalize kunywa chai.

Mchana ule Yanping alikuwa amejilaza kitandani na simu. Chunxiu aliketi miguuni pake, akakunja shuka, kisha akabonyeza.

"Mama! Unanifinya nini?"

"Naangalia kama umenenepa."

"Kwenye muundi?"

"Gauni la harusi linataka vipimo vyote."

Yanping alimtazama mama yake kwa macho ya ajabu, macho ya mtu anayetaka kulia na anajizuia. "Mama, wewe ndiye umekonda," alisema taratibu. "Una jambo la kuniambia?"

"Mimi? Wewe je, huna?"

"Sina."

"Basi na mimi sina."

Chunxiu akainama kutazama. Shimo halikubaki kwenye muundi. Au labda lilibaki kidogo. Dirisha la chumba kile lilikuwa dogo, na ngozi ya msichana ilikuwa nyeupe, kivuli na shimo havikutofautiana.

Jioni alimjaribu Fagen pia, ili tu amtoe kwenye hesabu. Alimkuta anavua mabuti ya mpira kizingitini. Hata kidole hakijamfikia vizuri alivuta mguu.

"Ukitaka kunishika mguu sema tu, mama Yanping. Tumeoana siku nyingi, huna haja ya kuvizia."

"Nyamaza, mtoto anasikia."

"Ajifunze. Anaolewa huyo."

Chunxiu aliona haya, akaenda kupika. Aliponyofoa vitunguu majani kule nyuma, mkono ulisita, lakini supu bila vitunguu Fagen angeiuliza, na angemjibu nini?

Kumwuliza Yanping waziwazi hakuweza. Kuta za mtaa ule ni za ubao mwembamba. Unachosema mezani kwako, jirani anakijibu kutoka mezani kwake. Familia ya mchumba ilikuwa na shangazi anayekaa mtaa wa tatu. Neno "figo" likisikika jirani na neno "bibi harusi", kesho yake wangeanza kuulizana kama atazaa.

*

Siku iliyofuata alifunga meza mapema, akachukua kifuko pamoja na machicha ya chini ya beseni, akayafunga kwenye gazeti na kwenda dukani kwa Tabibu Nie, mwuza dawa za mitishamba. Duka lile lilikuwa la baba yake Nie, na kabla yake la babu. Chunxiu alivuka kizingiti, akaweka furushi juu ya kaunta na kulifungua.

"Toa nje!" Nie aliruka kutoka kwenye kiti chake. "Toa, toa! Wewe mama, umezaliwa mji huu au umetoka mwezini? Unaniletea machicha dukani?"

"Samahani, tabibu, nilisahau."

"Unasahau? Hili nalo mtu anasahau?"

Walitoka wote wawili wakachutama kwenye ngazi za nje, kama watoto wanaocheza na udongo. Nie alivaa miwani na kuyachambua machicha kwa kijiti, huku bado anaguna.

"Jani la sarafu. Ngozi ya firigisi. Mbegu za mmea wa njiani, kazifunga kwenye kifuko, huyu anajua kuchemsha. Gome la kutibu kiuno. Mtu ana mawe, anataka yatoke na mkojo. Dawa ya kawaida kabisa, ila mimi sikuiandika. Kipimo kikubwa hivi ni cha mtu asiyelipia..."

Kijiti kikasimama. Nie aliokota kipande kimoja cha duara, chembamba, kina mistari kutoka katikati hadi ukingoni kama gurudumu la baiskeli. Alikiinua kwenye mwanga. Akakigusisha kwenye ncha ya ulimi, mara akatema mate kando, akatema tena.

"Hii imetoka wapi?"

"Sijui. Ni nini?"

"Mutong. Ile ya zamani, ya kutoka kaskazini. Nani anakunywa?"

"Sijui, tabibu."

"Hujui vipi nawe ndiye umeleta?"

"Niliokota."

Nie alimkazia macho. Alikuwa mtu wa kejeli, lakini sasa kejeli yote ilimtoka usoni. "Sikiliza, Chunxiu. Hii haiandikwi tena. Tulikuwa tunaitumia wote, kufungua mkojo. Halafu ikaonekana kwamba inaziua figo, polepole, mtu hasikii kitu mpaka zimekauka. Imepigwa marufuku. Anayekunywa hii aache leo. Asinywe hata bakuli la mwisho. Aende hospitali wampime damu, asije kwangu kwanza."

"Akiwa amekunywa majira yote ya joto?"

"Basi aende akikimbia."

Chunxiu alikichukua kile kipande kutoka mkononi mwa Nie. Gurudumu dogo. Alikuwa amekwisha kuliona mahali, si mara moja. Aliliona chini ya bakuli la baba yake, kila alipoosha vyombo.

"Tabibu, baba yangu alikunywa hii. Baba yako ndiye aliyempa."

Nie alitazama barabarani. Baiskeli ilipita, kengele ikalia, ikaenda zake.

"Wakati ule hakuna aliyejua," alisema.

"Kwa hiyo kilichomuua ni ugonjwa au ni dawa?"

"Alikuja kwa baba miguu imeshavimba, au ilivimba baadaye?"

Chunxiu alifungua mdomo ajibu. Aliikumbuka miguu. Alikumbuka bakuli la udongo lenye ufa, na harufu, na mama yake akipepea jiko. Kipi kilitangulia? Aliweka bakuli mbele, miguu ikafuata. Akaweka miguu mbele, bakuli likafuata. Na kila upande ulionekana kuwa kweli.

"Sikumbuki," alisema.

"Na mimi sikumbuki," alisema Nie, na akavua miwani akaifuta muda mrefu bila sababu.

*

Njiani Chunxiu alijaribu kupanga maneno. Mwanangu, unajua mama hakuchukii. Mwanangu, ukiwa na mawe si aibu. Kila sentensi iliishia pale ambapo lazima aseme acha kunywa, na Yanping akikana je? Jana amekana. Alikana akiwa na kope zimevimba. Na akina shangazi wakisikia je? Lakini figo hazikuwa zinamsubiri shangazi wa mtu.

Fagen alirudi kula mchana kama ilivyo desturi yake siku za magunia machache. Tambi zilikuwa mezani, na samaki mdogo wa kukaanga, na vitunguu majani vimepikwa na mayai. Chunxiu alisubiri wote wawili wakae na kuanza kula. Kisha akatoa kifuko kwenye aproni na kukiweka katikati ya meza, kati ya samaki na mayai.

Kula kukakoma. Kitu kama kile hakiwekwi mezani, hata mtoto anajua.

"Ni kitambaa changu," alisema Chunxiu. "Sitagomba. Nataka tu anayekunywa aache sasa hivi. Ndani ya dawa hiyo mna sumu. Tabibu Nie kasema."

Yanping aliangua kilio. Alilia kwa sauti, bila kujali ubao wa jirani, akamshika mama yake mabega. "Hatimaye umesema! Mama, kwa nini ulinificha? Nilikuwa nakuona!"

"Ulikuwa unaniona nini?"

"Kila alfajiri! Unabeba machicha unayafukia nyuma ya nyumba ili watu wasijue unaumwa. Nimekuona kupitia dirishani tangu siku ya kwanza. Nikaona na kitambaa chako kimekatwa. Ndiyo maana siwezi kula hivyo vitunguu, Mama, vinanikaba hapa. Naenda chooni kumpigia simu mchumba wangu, Haoran, nalia, maana humu ndani kila kitu kinasikika. Nimemwambia tuahirishe harusi mpaka nijue mama yangu ana nini."

Chunxiu alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa amekwisha kumzika binti huyu mara mbili mawazoni, kumbe binti naye alikuwa anamzika yeye.

"Mimi siumwi," alisema.

"Usinifiche tena!"

"Siumwi, Yanping. Nilidhani ni wewe."

"Mimi? Mimi mzima!"

"Basi ni ya nani?"

Wakageuka pamoja.

Fagen alikuwa ameshika vijiti hewani, kipande cha yai kinaning'inia. Uso wake haukuwa wa mtu aliyefumaniwa. Ulikuwa wa mtu aliyeibiwa.

"Yaani ni wewe," alimwambia mkewe, "uliyekuwa unazoa machicha yangu?"

"Machicha yako?"

"Nachemshia huko ghalani, na kila jioni nikitoka namwaga pale njia panda, kiza kikiingia. Jioni ya pili nikipita hayapo, hata jani moja! Nikasema, jamani, watu wa mji huu wana huruma, wanakanyaga mpaka wanamaliza. Nikawa na matumaini kabisa. Nikasema huu ugonjwa sasa utakuwa umeshafika mji wa Nanchang." Aliweka vijiti chini. "Ukayapeleka wapi?"

Macho ya Chunxiu yalikwenda kwenye sahani ya mayai. Fagen akayafuata. Alivitazama vitunguu majani vya kijani kibichi, akatazama bakuli lake mwenyewe, lililokwisha nusu.

"Na mimi nikavila," alisema.

"Uliomba uongezewe."

"Niliomba niongezewe," alikubali Fagen, akacheka, kisha cheko likamgeukia tumboni, akajishika kiuno, na safari hii hakuna aliyefikiri ni magunia.

Maneno yalitoka kidogokidogo. Mwanzoni mwa joto alikojoa damu nyuma ya ghala. Maumivu yalimwangusha chini, akawaambia wenzake ameteleza. Halafu akakumbuka dawa ya baba mkwe wake. Yeye ndiye aliyekuwa akimchemshia alipokuwa bwana harusi mpya, akiutafuta moyo wa mzee, na macho yake hayakuwahi kusahau hata kipande kimoja. Ghalani kila kitu kilikuwepo, kimedondoka sakafuni. Vile vya duara tu vilikosekana, mpaka akaviona kwenye gunia kuukuu lililotengwa pembeni lichomwe moto.

"Gunia limetengwa lichomwe, na wewe ukanywa?"

"Nilidhani limeota ukungu. Nikaosha."

"Kwa nini hukusema, Baba?" Yanping aliuliza.

"Niseme vipi? Nimemcheka Tu miaka yote. Na wewe unaolewa. Baba wa bibi harusi atoke kwenye karamu kila baada ya glasi moja, watu waseme bomba limepasuka?"

Chunxiu alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alivuta suruali ya mumewe juu na kubonyeza muundi kwa nguvu zote za kidole gumba.

"Limebaki," alisema.

"Halijabaki," alisema Fagen.

"Lipo, Mama, nalo linaondoka."

"Hilo ni alama ya buti."

Wote watatu waliinamia mguu ule mnene wenye manyoya, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika alikuwa anatazama nini. Chunxiu alimfunika suruali.

"Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda hospitali."

*

Daktari alikuwa msichana wa umri wa Yanping, ana chunusi kipajini. Alimlaza Fagen, akampaka kitu cha baridi, akawaonyesha kwenye kioo cha mashine doa jeupe ambalo Chunxiu hakuliona. Majibu ya damu walipewa siku ya pili.

"Jiwe lipo, tutalivunja kwa mashine, hilo si tatizo kubwa," alisema daktari. "Figo zenyewe zimeumia."

"Zimeumia vipi?"

"Zinafanya kazi chini ya inavyotakiwa. Hazijafa. Ila mzee asiguse tena ile dawa, na arudi hapa kila mwezi."

"Zitapona?"

"Huenda zikakaa hapo zilipo. Huenda zikashuka. Tutaona."

"Zilianza kuumia kwa sababu ya jiwe au kwa sababu ya dawa?" Chunxiu aliuliza. Alikuwa anauliza kwa ajili ya watu wawili, mmoja amelala pale na mwingine yuko kaburini. Daktari aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Kwa sasa siwezi kukuambia, mama. Zote mbili zinaweza."

Jiwe lilivunjwa. Fagen alirudi nyumbani amenywea, akanyamaza siku nzima, jambo ambalo Chunxiu hakuwahi kuliona na lilimtia hofu kuliko damu. Siku ya pili alianza kulalamika supu haina ladha, na Chunxiu akaenda kulia jikoni kwa furaha. Supu haikuwa na vitunguu. Tuta lote alikuwa ameling'oa. Kisha akabaki na kikapu kizima cha vitunguu mlangoni, hajui akitupe wapi: avipe bata, avichome, avimwage njiani? Mpaka leo Yanping anacheka kwamba mama yake alizunguka mtaa mzima na kikapu kile akarudi nacho. Mwisho ni Yanping aliyekitumbukiza mtoni.

Mwezi ulipoisha walirudi kwa daktari. Figo hazikuwa zimepanda wala kushuka. Daktari alisema hiyo ni habari njema. Chunxiu alimwuliza mara mbili kama ana hakika ni njema.

Fagen aliomba ruhusa ya kunywa kitu, kwa kuwa maji matupu, alisema, ni ya samaki. Tabibu Nie aliwaandalia nywele za mahindi na jani la sarafu, basi, akamwambia Chunxiu akamwonyeshe daktari kwanza, na daktari akanusa, akasoma, akasema haya, kikombe kidogo. Nie hakutaka kulipwa. Wala Chunxiu hakumwuliza tena juu ya baba yake. Walitazamana tu juu ya kaunta, kila mmoja akingoja mwenzake akumbuke.

Jioni ya dawa ile ya kwanza Chunxiu alibeba machicha mwenyewe, kweupe, majirani wakiona, akayamwaga katikati ya njia panda. Alfajiri alipofika na jiko lake yalikuwa pale pale, rundo dogo la manjano limelowa umande. Ufagio alikuwa ameuacha nyumbani kwa makusudi. Hata hivyo mikono ilimwasha. Mteja wake wa kwanza alikunja pua.

"Leo hufagii, mama?"

"Leo sifagii."

"Mtu anakula hapa!"

"Kula ukitazama upande ule."

Watu walianza kupita. Mwanamke mwenye mzega wa vikapu begani aliruka. Mwalimu wa shule alizunguka mbali. Chunxiu alikuwa anakoroga sufuria bila kuiangalia, roho imemning'inia, kila kiatu anakifuata kwa macho.

Tu alifungua kibanda chake, akatazama rundo, akamtazama yeye. Habari za Fagen alikuwa amezisikia, kama mtaa wote. Alifuta mikono yake yenye grisi kwenye suruali, akavuka barabara polepole, akasimama juu ya machicha kwa miguu yote miwili. Akakanyaga. Akageuka akakanyaga tena, kwa kisigino, kama mtu anayezima sigara.

"Kaka Tu," alisema Chunxiu, na akaacha kukoroga.

"Mwambie nimechukua fungu langu. Figo zangu zimeshazoea, hazitaona tofauti." Alianza kurudi kibandani, nywele za mahindi zimemnasa kwenye soli. Halafu akasimama. "Na mwambie hivi, shemeji: akinicheka tena, nakuja kuyakanyaga kinyumenyume, yote yamrudie."

Chunxiu alicheka na kulia, asijue ni kipi. Jua lilipochomoza rundo lilikuwa limetawanyika. Vipande vilikuwa vimebebwa upande wa mto, na upande wa soko, na upande wa tatu, ule unaopita mbele ya nyumba yake mwenyewe. Alizitazama nyayo za upande huo muda mrefu, tambi zikichemka kupita kiasi, akijiuliza kama wale waliokwenda huko wanapita tu, au kuna atakayesimama mlangoni kwake akafuta viatu.

"Mama, tambi!" mteja alipiga kelele.

Akazitoa.